Kazi ya Kifudifudi

Meza nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga ndiyo Fundi aliyoitoboa tundu. Ilikuwa meza ndefu ya mteja, ya mbao ngumu, imesuguliwa mpaka ikang'aa, na mteja mwenyewe alikwisha kuja karakanani kuipapasa na kuisifu. Fundi aliichora duara kwa penseli, akalikata kwa msumeno mwembamba, akazungushia ukingo sponji na kitambaa laini, kisha akasaidiana na jirani kuibeba mpaka chumbani. Akatandika godoro juu yake, nalo akalitoboa vilevile. Mkewe akapandishwa taratibu, akalala kifudifudi, uso ndani ya tundu, pua ikiangalia sakafu.

"Unapumua?" Fundi aliuliza.

"Napumua."

"Panabana?"

"Hapabani. Na meza ya watu je?"

"Nitawachongea nyingine. Wewe lala."

Mtaani walimwita mwanamke huyo Mhandisi, maana hawakujua wamwite nini mtu anayeondoka asubuhi na laptopu begani, akarudi nayo jioni, na hapo katikati hakuna alichojenga kikaonekana. Fundi, ambaye kazi yake unaigonga kwa kidole ikaitika, alikwisha kuchoka kueleza. "Anaandika programu za hospitali," alikuwa akisema, basi.

Pazia lilimshukia Mhandisi akiwa kikaoni. Alikuwa amesimama mbele ya wenzake akichora ubaoni, mara kivuli cheusi kikaanza kuteremka ndani ya jicho la kulia, kutoka juu, polepole. Alidhani taa imeharibika. Jicho la kushoto halikumfaa tangu utotoni. Lilimwonyesha mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo pazia lile lilipofika chini, alibaki ameshika kalamu ya ubaoni hajui ubao uko wapi, na wenzake wakidhani anafikiri.

Daktari wa macho alimpasua siku ileile. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka. Akaurudisha mahali pake, akaweka ndani ya jicho kiputo cha gesi cha kuukandamiza, akamweleza masharti: kiputo hupanda juu kama povu majini, basi ili kiukandamize utando wa nyuma, uso lazima uangalie chini. Kula hivyo, kulala hivyo, kuzungumza hivyo. Kuinuka ni kwenda msalani tu, nako shingo imeinama.

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka nitakaposema mimi. Ukijifanya mjanja ukakaa wima, utando utabanduka tena, na mara ya pili sikuahidi kitu."

*

Mama Mkwe aliwasili kesho yake na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga chapa katika ofisi za watu. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake akakaa kimya, kama mashine iliyofunikwa.

Yeye na mkwewe hawakuwahi kugombana. Walikuwa na heshima ya sebuleni: shikamoo mama, marahaba, karibu chai, asante nimeshiba. Tena Mama Mkwe alikuwa akimwita "Bi Harusi" hata baada ya miaka yote hiyo ya ndoa, na Mhandisi hakupata kujua kama ni mapenzi au ni kumkumbusha kwamba bado ni mgeni.

Sasa heshima ya sebuleni ilikuwa inahamia chumbani. Fundi alilazimika kurudi karakanani kuchonga meza nyingine, na mtu wa kumlisha mgonjwa, kumwogesha na kumshika mkono kwenda msalani alikuwa mama yake.

"Mama, acha tu, nitamsubiri yeye arudi," Mhandisi alisema siku ya kwanza, aliposikia maji yakimiminwa kwenye beseni.

"Arudi jioni akukute unanuka jasho?"

"Naona haya, mama."

"Ona haya. Huku unainua mkono." Na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kikampita kwapani.

Mhandisi alifumba macho ndani ya tundu lake. Kuogeshwa na mama wa mumeo, kulishwa uji kwa mrija, kushikwa kiuno ukienda haja huku kichwa kimeinama kama mwizi aliyekamatwa. Alidhani hakuna unyonge unaozidi huo. Lakini mchana wa siku hiyohiyo simu ikalia, Mama Mkwe akaiweka sakafuni chini ya tundu, sauti ikiwa juu, na Mkurugenzi wa ofisi akaanza kwa pole nyingi.

Pole zile zilikuwa nyingi mno.

"Wewe pumzika kabisa," Mkurugenzi alisema. "Afya kwanza. Ile kazi ya kuhamisha mfumo wa damu tumeamua aichukue Mrefu."

Mrefu alikuwa mwandishi wa programu mwenzake, kijana hodari, ambaye akiingia mlangoni huinamisha kichwa kwa mazoea hata pale ambapo mlango unamtosha.

"Aichukue aifanyeje?"

"Anasema ataiandika programu mara mbili. Moja ya gridi hii, nyingine ya ile. Ni haraka zaidi."

"Mara mbili? Na ikija gridi ya tatu ataiandika mara tatu? Na kosa likitokea atalirekebisha huku asahau kule?"

Mkurugenzi akavuta pumzi. "Mwenzangu, mwezi ukiisha ile kampuni inafunga mitambo. Hospitali hazitatusubiri. Kazi hii ikituponyoka, sijui ofisi itabaki na nani. Na wewe, nikwambie ukweli, huoni. Utaandikaje?"

Swali hilo halikuwa na ubaya ndani yake, na ndiyo maana liliuma. Chini yake Mhandisi aliona kivuli cha simu, na karibu na simu kivuli cha ndala mbili zilizokuwa zimesimama pale muda wote.

"Ataandika kwa mkono wangu," Mama Mkwe alisema.

"Nani mwenzetu?"

"Mama yake. Nimepiga chapa barua za wakubwa watano, na hakuna hata mmoja aliyepata kurudisha ukurasa. Yeye aseme, mimi nitaandika."

Kisha Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kucheka, kwamba anawapa mpaka mwisho wa wiki, na Mrefu atakuwa anaijaribu kazi yao huko ofisini. Isipokwenda, basi itaandikwa mara mbili.

*

"Sasa nieleze," Mama Mkwe alisema akivuta kigoda karibu na meza na kuiweka laptopu mapajani. "Siandiki kitu nisichojua kinaanzia wapi. Nilifanya hivyo maisha yangu yote, nimechoka."

Mhandisi akamweleza, maneno yakishuka sakafuni na kupanda tena. Hospitali na vituo vya afya vilikuwa na mfumo mmoja wa kujua damu iko wapi: mfuko gani, wa kundi gani, uko kwenye jokofu la nani, unakwisha muda lini. Taarifa hizo hazikai kwenye kompyuta moja. Zinakaa kwenye gridi, yaani kompyuta nyingi zilizoungana zikawa kama kumbukumbu moja. Moja ikizimika, nyingine zinakumbuka. Kampuni iliyowakodisha gridi hiyo ilikuwa inafunga. Hospitali kubwa zilitaka gridi yao kwenye mashine zao wenyewe. Vituo vidogo visivyo na chumba cha mashine vilikuwa vinakwenda kukodi gridi nyingine, ya kampuni nyingine, yenye tabia nyingine kabisa.

"Na programu yenu?"

"Programu yetu imezoea ile ya zamani, mama. Imeshikamana nayo kila mahali. Ninachotaka ni kuweka tabaka katikati. Programu izungumze na tabaka tu: weka, leta, ondoa, nijulishe. Tabaka ndilo lijue huku nyuma kuna gridi gani na linaongea lugha gani."

"Kama katibu muhtasi," Mama Mkwe alisema. "Mkubwa anasema, 'Mwandikie yule bwana.' Anwani, bahasha, stempu, hayo si yake."

"Ndiyo, mama. Hasa."

"Haya. Sema."

Ndivyo walivyoanza. Mhandisi alikuwa akitamka kila alama: fungua mabano, herufi ndogo, mkato, funga mabano, nukta mkato, mstari mpya. Mama Mkwe alikuwa akipiga kibodi kwa vidole vyote kumi, bila kukitazama, kwa nguvu za mtu aliyejifunzia mashine ya chuma.

"Polepole, mama, utavunja vibonye."

"Vinalia kama karanga. Mashine gani hii isiyo na kishindo? Endelea."

Alikuwa hakosei. Wala hakuruka. Mhandisi akichoka na kusema "na kadhalika kama pale juu," Mama Mkwe alikuwa anakataa: "Hakuna na kadhalika kwenye barua. Sema." Mara nyingine alisahihisha alichoona hakina adabu. Siku moja Mrefu alipiga simu kutoka ofisini akiwa anacheka.

"Nani ameandika 'Samahani, mfuko huo umekwisha chukuliwa'? Sisi tulikuwa na 'Ombi limekataliwa.'"

"Mtu anatafuta damu ya mgonjwa wake," Mama Mkwe alijibu kabla mkwewe hajajua pa kuanzia, "halafu mnamwambia limekataliwa? Kwani ameomba ruhusa ya kwenda harusini?"

Likaachwa vile alivyoliandika.

Jioni Fundi alikuwa akirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, anatandika mkeka sakafuni, analala chali chini ya meza, na hapo mume na mke wanaonana uso kwa uso. Yaani mume anaona, mke anaona kivuli chenye harufu ya gundi. Anamsimulia ya karakanani. Mteja wa meza alikasirika, kisha alipoambiwa sababu akasema atasubiri.

"Kweli alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Tena ameniuliza unaendeleaje."

Mhandisi alishangaa kwamba mtu asiyemjua, aliyekula hasara ya meza, ameuliza hali yake. Aliliweka neno hilo moyoni.

*

Alhamisi asubuhi Mrefu alipiga simu, naye safari hii hakucheka.

"Gridi ya hospitali kubwa inakwenda vizuri kabisa. Ile ya kukodi, hapana. Nimejaribu vituo viwili viombe mfuko mmoja kwa wakati mmoja. Vyote viwili vimeambiwa ni wa kwao."

Mhandisi aliona itakavyokuwa. Mfuko mmoja, wagonjwa wawili, na gari la kituo kimoja linafika kukuta jokofu tupu.

"Lakini tumeweka kufuli," alisema. "Anayetaka mfuko anaifunga taarifa yake kwanza, anaandika jina, anafungua."

"Kufuli iko kwenye gridi ya zamani. Iko hata kwenye ile ya mashine za hospitali. Hii ya kukodi haina kufuli, haijui hata maana yake. Nimejaribu kuigiza ya bandia, inavuja. Nilikwambia, dada. Hizi gridi mbili si ndugu. Mtu huwezi kuzifanya zisikie amri moja. Tuandike mara mbili tu, yaishe."

Aliposema "nilikwambia" hakulisema kwa kejeli, lakini ofisi nzima ilikuwa inasikiliza. Mhandisi alisikia mtu akikohoa, mwingine akisogeza kiti. Akajibu kwamba atalitazama. Neno "nitalitazama" lilimtoka kwa mazoea tu, na kule ofisini kukawa na kimya cha watu wanaoona aibu kwa niaba ya mwenzao.

Simu ilipokatika alilia. Aliyelala kifudifudi halii kwa siri. Machozi hayana shavu la kushikia, yanadondoka moja kwa moja. Mama Mkwe aliyaona matone kwenye sakafu. Hakusema "usilie," wala hakusema daktari amekataza. Alikwenda akaleta taulo, akaikunja, akaiweka chini ya tundu, akatoka nje na kuurudisha mlango.

Mchana Mhandisi alikuwa na hasira na kila kitu. Koo lilimkauka, akaita.

"Mama, naomba uende jikoni, kabati la kushoto, rafu ya pili, kuna gilasi ya plastiki ndefu, usichukue ile fupi. Birika liko juu ya meza, kama si juu ya meza basi liko nyuma ya mlango. Mimina nusu, mrija uko kwenye droo ya..."

"Bi Harusi!"

Katika siku zote hizo Mama Mkwe hakuwa amepandisha sauti.

"Unataka nini?"

"Maji, mama."

"Basi sema maji. Jikoni kwako nimepanga upya tangu juzi, gilasi yako ndefu haiko tena kabati la kushoto. Wewe niambie una kiu. Nitayatoa wapi, kwa gilasi gani, niachie mimi. Au huniamini?"

"Nakuamini, mama."

"Mbona unaniongoza kama punda?"

Mhandisi alianza kucheka. Alicheka mpaka meza ikalia, na Mama Mkwe, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi au kwa kilio, akabaki ameshika mlango hajui lipi limetokea.

"Mama, acha maji kwanza. Leta laptopu."

"Maji kwanza," Mama Mkwe alisema, akayaleta, akasimama mpaka yakaisha.

Kisha wakakaa. Mhandisi alizungumza haraka, akijieleza mwenyewe zaidi ya kumweleza mwenzake. Kosa lilikuwa lake. Tabaka lilikuwa halisemi linataka nini. Lilikuwa likieleza namna ya kufanya, tena namna ya gridi ya zamani: funga, andika, fungua. Gridi iliyopangwa vingine, kama jikoni lile, haiwezi kufuata maelezo hayo. Programu haitaki kufuli. Haijawahi kutaka kufuli. Inataka mfuko.

"Futa 'funga', mama. Futa na 'fungua'. Popote zilipo."

"Zote? Tumeziandika kwa jasho."

"Zote. Andika neno moja: nitengee."

"Nitengee," Mama Mkwe alirudia, vidole vikilia. "Nitengee mfuko huu. Na kama una mwenyewe?"

"Tabaka linajibu una mwenyewe. Litapeleka ombi kwenye gridi ya mwenye jokofu, na namna ya kuutenga, gridi hiyo itajijua."

*

Lakini hapo palibaki shimo, na Mhandisi alilijua. Gridi yenye kufuli ilikuwa rahisi. Ile ya kukodi alikuwa hajui ndani yake kuna nini cha kutumia badala ya kufuli. Nyaraka zake zilikuwa nyingi, na yeye hakuweza kuzisoma, wala Mama Mkwe hakuweza kumsomea lugha ile ya mafundi mpaka ikaeleweka. Akapiga simu ofisini, akamtaka Mrefu, akamwambia ukweli mbele ya wote waliokuwa wakisikiliza: nimekosea pale, nimepaona, sasa nimekwama hapa, naomba msaada wako.

Mrefu hakujibu kwenye simu. Alikuja.

Alifika alasiri hiyohiyo na laptopu yake, akaamkia, akatafuta pa kukaa. Mama Mkwe akamwonyesha mkeka. Kijana akajikunja chini ya meza vipande vipande, magoti yakatokeza upande mmoja na kichwa upande wa pili, mpaka akafanikiwa kulala chali, uso wake chini ya uso wa dada yake wa kazini.

"Dada," alisema baada ya muda, sauti imebadilika. "Kumbe ndiyo hivi."

"Ndiyo hivi."

"Sisi kule tulidhani umelala kitandani na mto. Mimi nilikuwa nikikwambia haraka, haraka..."

"Nisomee yale ya gridi ya kukodi," Mhandisi alisema kwa upole. "Sehemu ya kuandika."

Akamsomea, laptopu ikiwa tumboni mwake. Alisoma kirefu, na yeye ndiye aliyekatisha ghafla katikati ya ukurasa.

"Ngoja. Hii hapa. Inaruhusu kuandika kwa sharti. Andika jina langu ikiwa tu pale hapana jina la mtu. Ikiwa lipo, inarudi na jibu la hapana. Kwa pigo moja, hakuna wa kuingia katikati."

"Rudia."

Akarudia. Mhandisi alinyoosha mkono chini kupitia kando ya meza, akapapasa mpaka akapata bega la kijana, akalishika.

"Umeiona wewe," alisema. "Mimi nisingeiona mwezi mzima."

"Sikuwa naitafuta," Mrefu alikiri. "Nilikuwa natafuta kufuli."

Waliandika pamoja mpaka jua likawa chini, Mrefu chini ya meza akiandika upande wa gridi ya kukodi, Mama Mkwe kigodani akiandika tabaka lenyewe, na Mhandisi katikati yao akitamka. Fundi alirudi akakuta miguu mirefu imetokeza chini ya meza yake.

"Huyu naye anaumwa nini?" aliuliza, na kicheko kilichojaa chumbani kilikuwa cha kwanza cha namna ile tangu meza iletwe.

Kesho yake Mrefu alijaribu tena. Vituo viwili, kisha vitatu, kisha vyote kwa pamoja, mfuko mmoja. Kila mara kimoja kiliambiwa umetengewa, na vingine vyote vikaambiwa samahani, na kupewa jina la jokofu la karibu lenye mwingine. Mkurugenzi alipiga simu mwenyewe. Hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Mama yako huyo, ofisi yake ya mwisho ilimwachaje aondoke?" Mama Mkwe, aliyekuwa akisikiliza, alijifanya anafuta miwani.

*

Siku ya kuhama ilikuwa asubuhi ya jua kali. Walizima gridi ya zamani na kuwasha zile mbili, simu ikiwa wazi sakafuni chini ya tundu. Kisha Mrefu, aliyekuwa hospitali kubwa kuangalia, akaanza kunong'ona kama mtangazaji wa mpira.

"Kimeingia kituo cha kwanza. Kimeleta orodha sawa. Kimeingia cha pili. Subirini... kuna ombi. Si la majaribio. Ni mama wa kujifungua, anavuja damu. Kundi adimu." Akashusha sauti zaidi. "Na hapa hospitalini daktari anaomba mfuko uleule kwa ajili ya ajali."

Fundi alikuwa hajaenda kazini. Alikuwa amekaa sakafuni ameshika mkono wa mkewe.

"Kituo kimetengewa," Mrefu alisema. "Hospitali imeambiwa samahani, mwingine uko jokofu la jirani. Daktari ameguna, amemtuma mtu. Gari la kituo limeshatoka." Ikapita kitambo ambacho hakuna aliyekipima. "Yule wa ajali, mfuko wake umefika. Wanamtundikia sasa."

"Na mama?" Mama Mkwe aliuliza. "Mama wa kujifungua?"

"Bado sijui, mama."

Walikaa na hilo "sijui" mpaka adhuhuri. Hakuna aliyekula. Kisha simu ikalia, na Mrefu akasema neno moja tu kwanza: "Wawili." Mama na mtoto.

Mhandisi alishukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru Mrefu aliyekuwa bado kwenye simu, akamshukuru mumewe na msumeno wake na mteja wa meza popote alipo. Alipofika kwa Mama Mkwe maneno yalimwishia. Akabaki anasema "mama," na tena "mama," uso ukiangalia chini.

"Nimesikia, mwanangu," Mama Mkwe alisema. "Tulia. Utaliharibu jicho."

*

Daktari alimruhusu kuinuka. Utando ulikuwa umeshika. Mwanzoni aliona ulimwengu kama kupitia kioo chenye maji, mstari wa kiputo ukichezacheza, kisha siku baada ya siku maji yakapungua, na kitu cha kwanza alichokiona wazi kilikuwa mikono ya Mama Mkwe ikimenya viazi. Ilikuwa na vidole vyembamba, vifundo vimevimba. Hakuwa amejua kwamba ina maumivu. Siku zote zile za kibodi hakuwa amesikia lalamiko.

"Mama, vidole vinakuuma?"

"Vinauma tangu nikiwa kazini. Ukivipa kazi vinasahau."

Asubuhi ya kuondoka kwake mfuko wa nguo ulikuwa tayari mlangoni. Mhandisi alimwomba wapitie mahali kwanza. Wakaenda hospitali kubwa, polepole, mkwe ameshika mkono wa mama, na haikuwa wazi nani anamwongoza nani. Walipitia korido ndefu yenye harufu ya dawa ya sakafu mpaka kwenye chumba kidogo chenye majokofu na kompyuta moja mezani. Mhudumu wa maabara, kijana mwenye koti jeupe lililomzidi, alikuwa akiandika kitu huku ameshikilia simu kwa bega.

Wakasimama kando. Kwenye kioo cha kompyuta maombi yalikuwa yakiingia na kutoka. Kijana alibonyeza, likatokea neno, akafungua jokofu, akatoa mfuko, akaupanga kwenye kisanduku cha baridi na kumkabidhi dereva aliyekuwa mlangoni. Dereva akaondoka akitembea haraka.

"Ule unakwenda kwa nani?" Mama Mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatujui, mama. Hatutajua."

Mama Mkwe aliitikia kwa kichwa. "Miaka yote ile," alisema, "nilipiga barua, ikachukuliwa, sikuona hata moja ilipofika. Hii nimeiona inatoka mlangoni." Akatoa leso, akapenga kamasi kwa nguvu, kama mtu mwenye mafua.

Hapo ndipo mhudumu alipowaona. Aliweka simu chini, akamtazama bibi yule mwembamba mwenye miwani ya kamba, akahurumia miaka yake.

"Shikamoo mama. Umekuja kutoa damu? Maana kwa umri wako, samahani, hatutaweza kukupokea."

"Marahaba, mwanangu," Mama Mkwe alisema, akajivuta akasimama wima. "Sikuja kutoa damu. Mimi na binti yangu tumekuja kuangalia kazi yetu."

Kijana hakuelewa. Lakini alivuta kiti chake mwenyewe kutoka mezani, akakipangusa, akakisogeza mbele ya kompyuta mahali ambapo mtu anaweza kuona vizuri, na Mama Mkwe akakaa.